Gereji imelitumia gari lako bila ruhusa? Fuata hatua hizi (kwa walio Mtwara na Lindi)

Swali hili huja zaidi msimu wa korosho. Minada ikianza mwezi wa kumi, pesa inazunguka, kila mwenye tairi nne anatafutwa, na gari lililolala gereji likisubiri spea linaanza kuonekana kama mali ya wote. Kisha mwenyewe anakuja kulichukua na kuuliza: "Niliacha gari sevisi, nimelikuta limetembea kilomita mia tatu. Niende polisi?" Mwingine jirani yake aliliona Tandahimba siku ambayo meneja aliapa kwamba liko juu ya jeki. Mwingine kalimwa faini ya mwendokasi akiwa kitandani kwake Shangani.

Mwongozo huu ni wako ikiwa uliliacha gari kwa wakala wa kampuni ya magari, gereji ya mtaani au yadi, kwa kazi inayojulikana, na wao wakalitumia kwa mambo yao. Kama gari halipo na hawajui liko wapi, acha kusoma, nenda kituo cha polisi sasa hivi.

Sheria unayohitaji kuijua ni ndogo. Ukimkabidhi mtu gari alitengeneze, amelipokea kwa kazi hiyo tu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema aliyekabidhiwa mali akiitumia nje ya masharti ya makabidhiano atalipa fidia ya madhara yaliyotokana na matumizi hayo, au yaliyotokea wakati wa matumizi hayo. Kwa hiyo "niliendesha taratibu" haimwokoi. Upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kutwaa chombo cha usafiri na kukitumia bila haki hata pale ambapo jambo halijafikia kuitwa wizi. Lakini Sheria hiyo hiyo ya Mikataba inampa fundi haki ya kulishikilia gari mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya. Hili watu hulisahau, kisha wanashangaa gari limefungiwa getini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya makabidhiano, au jobu kadi, yenye kilomita za siku ulipoliacha. Kama huna, soma sehemu ya mwisho.
- Kadi ya gari na hati ya bima.
- Ankara na risiti zote za gereji hiyo, hata za zamani.
- Simu yenye chaji na nafasi ya kurekodi video.
- Ujumbe wote wa WhatsApp na SMS kati yako na gereji. Usifute hata ule wa "bado kidogo bosi".
- Shahidi mmoja mtulivu. Nimesema mtulivu. Shemeji mwenye hasira mwache nyumbani.

Hatua kwa hatua

1. Usiwashe gari uondoke. Rekodi kwanza.

Ukiona namba za kilomita hazieleweki, au kiti kimesogezwa, au sakafu ina mchanga, simama hapo hapo ndani ya gereji. Anza video moja isiyokatwa: namba ya usajili, kibao cha gereji, kisha dashibodi ikiwa imewashwa ili kilomita na geji ya mafuta vionekane. Zunguka gari lote. Piga picha tairi, chini ya mlango, buti, mazulia. Vumbi jekundu la upande wa Newala halifanani na mchanga mweupe wa Msimbati, na magari yanayolala gereji hayapati lolote kati ya hayo mawili. Ukikuta risiti ya mafuta, tiketi ya maegesho, chupa au gunia la korosho, lipige picha pale pale lilipo kabla hujaligusa.

Faili la asili liache kwenye simu. Usilikate, usiliwekee maandishi. Nakala jitumie kwa barua pepe, maana WhatsApp huibana video na kupunguza ubora wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii mahakamani, ila mahakama itataka kujua ulivyotengenezwa na ulivyohifadhiwa.

2. Tenganisha kutesti na misele.

Hapa ndipo madai mengi hufa, kwa sababu mwenye gari anapiga kelele juu ya kilomita 14. Fundi ana haki ya kulijaribu gari barabarani. Aliyebadilisha breki, shokabu au giaboksi na asilijaribu ndiye wa kuogopwa. Kwa Mtwara mjini, kwenda Mikindani na kurudi ni kama kilomita 20, na hiyo ni testi ya heshima. Kwa Lindi, kwenda Ngongo na kurudi inatosha kabisa. Kosa gumu kulinasa, mfano mtetemo unaotokea ukifika mwendo fulani, linaweza kuhitaji testi mbili tatu.

Basi toa kwanza kilomita za haki kwenye hesabu yako. Kinachobaki kilinganishe na ramani. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 110, hadi Masasi kama 200, hadi Dar es Salaam kama 560. Ukikuta ziada inayokaribia 400, mtu kaenda Masasi na kurudi, au kafanya safari nyingi za karibu. Uliza pia kazi yenyewe ilikuwa nini. Gari lililoletwa kubadilishiwa taa halihitaji kufika Mnazi Mmoja, na lililoletwa kupigwa rangi halihitaji kutoka getini.

Angalia na saa. Testi hufanyika mchana, siku ya kazi. Gari likionekana Jumamosi saa nne usiku nje ya baa, hakuna fundi duniani anayetesti breki kwa muziki.

3. Tafuta ushahidi ulio nje ya gereji.

Anza na faini. Ingia kwenye mfumo wa polisi wa TMS, weka namba ya gari, angalia kama kuna deni jipya. Faini ya barabarani ni shilingi 30,000 kwa kosa, lakini thamani yake kwako ni kubwa kuliko hiyo, maana taarifa ya kosa inaonesha tarehe na mahali. Gari lililokuwa "juu ya jeki" haliwezi kukamatwa kwa mwendokasi barabara ya Masasi. Iprinti au piga picha ya skrini kabla hajatokea mtu akailipa haraka haraka.

Kama gari lina traka, omba kwa aliyekufungia ripoti ya safari za siku zote gari lilipokuwa gereji. Kama uliacha dashikamu, toa kadi yake ya kumbukumbu mwenyewe. Aliyeliona gari mwombe aandike mistari mitatu tu: aliliona wapi, siku gani na saa ngapi, namba aliisomaje. Jina, sahihi, basi. Usimwandikie wewe.

4. Zungumza na mwenye mamlaka.

Kijana wa spana si mtu wako. Mtafute meneja, au mwenye gereji mwenyewe. Sema maneno machache kisha nyamaza:

"Shikamoo mzee. Gari liliingia na kilomita 84,310. Sasa lina 84,722. Naomba unioneshe lilikokwenda."

Mwache ajibu. Watu wengi wakiachiwa ukimya huanza kujieleza, na maelezo ya kwanza ndiyo yenye thamani. Akisema "tulikuwa tunatesti", uliza nani aliendesha, siku gani, njia ipi, na kama kuna kitabu cha kutoka getini. Majibu yaandike mbele yake. Ukiondoka mtumie ujumbe wa kumbukumbu: "Kama tulivyozungumza leo, umesema gari liliendeshwa na fundi wako hadi Masasi." Akijibu "sawa", umepata kitu. Asipojibu, ujumbe wako una tarehe.

Usitukane, usimkunje mtu shati, usimzuie kijana kutoka. Na usirushe video kwenye magrupu. Utajisikia vizuri kwa usiku mmoja, kisha mazungumzo yatahama kutoka kwenye gari lako kwenda kwenye jina lao. Ukikosea neno moja, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu taarifa za uongo pia. Zaidi ya hapo, miji yetu ni midogo. Mtu huyo utakutana naye msibani wiki ijayo.

5. Lipa ujira, andika pingamizi.

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua inayookoa muda kuliko zote. Kama kazi imefanyika, ilipie, uchukue risiti na gari lako. Lakini kabla ya kusaini, andika kwa mkono kwenye ankara au karatasi ya kutolea gari: "Nimelipa na kupokea gari bila kuacha haki yangu ya kudai kuhusu kilomita 412 zilizotembea likiwa gereji." Weka tarehe, sahihi, piga picha. Wakikukataza kuandika hapo, andika kwenye karatasi yako, shahidi asaini, mtumie meneja picha hapo hapo.

Tahadhari: usisaini kamwe karatasi inayosema umepokea gari "likiwa katika hali nzuri na sina madai". Hata wakikuambia ni fomu ya kawaida tu.

6. Fundi wa pili alikague gari kabla hujasafiri nalo.

Mpeleke mtu asiye na urafiki wala ugomvi na gereji ya kwanza. Aangalie chini, bushi, rimu, oili, klachi, na alisome gari kwa skana. Mwombe ripoti ya maandishi yenye tarehe na kilomita. Ripoti iseme alichokiona. Maneno ya "hawa jamaa wezi" ayaache.

7. Piga hesabu ya kitu unachodai.

"Wanilipe usumbufu" si dai. Hebu tutumie mfano. Kilomita 412, toa 20 za kutesti, zimebaki 392.

Mafuta: dai yale tu yaliyokuwa yako. Uliacha robo tatu ya tangi la lita 60, umekuta robo: ni lita 30. Bei chukua bei kikomo ya EWURA kwa mwezi ule. Hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mtwara ina bei zake kwa mafuta yanayopitia bandari yetu, kwa hiyo usinukuu ya Dar. Tuseme lita ni 3,000, hiyo ni 90,000. Kama walijaza wenyewe na geji iko pale pale, mafuta usidai. Dai la uongo la elfu tisini linaua dai la kweli la laki tatu.

Sevisi: kama unabadilisha oili kila kilomita 5,000 kwa shilingi 250,000, kilomita 392 zimekula 19,600.

Kodi: uliza watu wawili wanaokodisha magari mjini bei ya siku kwa gari kama lako bila mafuta, upate kwa maandishi. Tuseme 120,000 kwa siku moja.

Jumla 229,600. Ongeza gharama ya uharibifu uliomo kwenye ripoti ya hatua ya 6, na faini yoyote ya TMS iliyopatikana siku zile. Gari jipya lenye waranti ya kilomita lina hoja ya ziada: kilomita zao zimekatwa kwenye waranti yako. Hapo usidai fedha tu, dai barua ya wakala inayokubali kuongeza kilomita hizo.

8. Andika barua ya madai.

Ukurasa mmoja unatosha. Andika kwa gereji, si kwa fundi. Iwe na mpangilio huu:

"Tarehe (…) nilikabidhi gari namba (…) kwenu kwa kazi ya (…), likiwa na kilomita 84,310. Nililipokea tarehe (…) likiwa na kilomita 84,722. Sikutoa ruhusa ya matumizi mengine. Nadai: (orodha na kiasi). Naomba jibu la maandishi na malipo ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Nimeambatisha nakala za (…). Msipofanya hivyo nitapeleka suala hili kwenye vyombo husika bila taarifa nyingine."

Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri au isainiwe kuwa imepokewa, uondoke nayo. Wakikataa kupokea, itume kwa EMS kupitia Posta na utunze risiti. Madai ya kawaida huishia hapa, kwa sababu mwenye gereji akiona hesabu na viambatisho anajua huyu mtu hakuja kupiga kelele. Akikuita mzungumze, nenda. Punguzo la sevisi mbili zijazo linaweza kuwa malipo mazuri kuliko fedha, mradi makubaliano yaandikwe.

9. Kama siku 14 zimepita kimya, panda ngazi.

Kama ni wakala wa kampuni, andika makao makuu ya mwagizaji wa magari hayo, kwa kawaida Dar es Salaam, ukiambatisha barua yako. Wao wana jina la kulinda kuliko tawi. Malalamiko ya mlaji yanapokewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kwa polisi, eleza kwamba unaripoti kutwaliwa na kutumiwa kwa gari bila haki, toa ushahidi, na usiondoke bila namba ya RB. Kwa mahakama, nenda na faili lako kwa karani wa Mahakama ya Mwanzo umuulize kama dai lako linaanzia pale au Mahakama ya Wilaya, kwa kuwa deni la mkataba na fidia ya uharibifu si kitu kimoja. Huna fedha za wakili? Ulizia ofisi ya halmashauri yako kuhusu wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

Mambo yakikwama

Kilomita hazikuandikwa siku ya kuliacha. Tafuta namba iliyo karibu: stika ya oili ya sevisi iliyopita, picha yoyote ya dashibodi kwenye simu yako, ripoti ya traka, risiti za mafuta. Halitakuwa dai kamili lakini si bure. Na kuanzia sasa, kila ukiliacha gari, piga picha ya dashibodi mbele ya anayepokea na umtumie WhatsApp hapo hapo: "Nimeacha gari na kilomita hizi, kutesti kusizidi kilomita 20 bila kunipigia." Sekunde kumi.

"Aliyefanya ni fundi, tumeshamfukuza." Pole yake. Wewe hukukabidhi gari kwa kijana, ulikabidhi kwa gereji, na barua ibaki kwa gereji. Mara nyingine kijana huyo akiwa nje ndiye shahidi wako bora.

Kuna kibao ukutani: "Magari yanaegeshwa kwa hasara ya mwenyewe." Kibao hicho kinazungumzia kuegesha. Hakuna mahali kinaposema gari lako litakodishwa kwa deiwaka aende mnadani Nanyamba.

Kilomita ni zile zile, lakini gari limetembea. Huenda waya umechomolewa au namba zimerudishwa nyuma. Usilibishanie kwa maneno. Mwambie fundi wa pili asome kwa skana kumbukumbu nyingine za gari, kwa sababu baadhi ya magari hutunza kilomita sehemu zaidi ya moja, kisha ulinganishe na traka, faini na mashahidi.

Wamegoma kulitoa gari hata baada ya kulipwa. Sasa hawana tena haki ya kulishikilia. Nenda na risiti kituo cha polisi, ukianzia kwa mwenyekiti wa mtaa kama unaona atasikilizwa.

Polisi wanakwambia "hili ni la madai, nenda mahakamani". Hutokea, hasa ukianza na habari ya pesa. Anza na kutwaliwa bila haki, onesha faini au traka, omba kuonana na mkuu wa kituo. Akikataa bado, njia ya madai iko wazi na haihitaji RB.

Gari lilipelekwa Dar kwa magurudumu yake. Matawi ya huku hukosa vifaa, kwa hiyo hutokea, na kilomita 560 za kwenda peke yake si haba. Kama ulikubali, huna dai la kilomita. Dai ni la mchepuko tu na abiria waliobebwa njiani. Kama hukuulizwa, ni matumizi bila ruhusa hata kama nia ilikuwa njema.

Gari liko yadi kuuzwa. Mnunuzi kulijaribu ni sehemu ya biashara. Mwenye yadi kulifanya usafiri wake wa kwenda kazini si sehemu ya biashara. Mkataba wa yadi useme kilomita za juu, nani anaendesha, na kwamba funguo hazilali nyumbani kwa mtu.

Gari limepata ajali wakiwa nalo. Hakikisha polisi wa usalama barabarani wamepima na dereva halisi ameandikwa. Toa taarifa kwa kampuni ya bima mapema kwa maandishi, kisha soma hati yako sehemu ya nani anaruhusiwa kuendesha na kwa matumizi gani, kwa sababu hata bima kubwa ina masharti hapo. Watakuja kukubembeleza: "Kaka, sema wewe ndiye ulikuwa unaendesha, bima ilipe, sisi tutamalizia." Kataa, na ukatae kwa ujumbe wa maandishi. Ukikubali, wewe ndiye utakayekuwa umeidanganya bima, na wao watakuwa wamesafishika.